Shajara ya ekzosi: vani ya 1997 na bomba lililoning'inia pabaya

Siku ya 1. Kusikiliza tu

Vani hii ni ya 1997, injini ya petroli ya lita 2.0, silinda nne, imekaa chini ya viti vya mbele. Bomba la moshi linaanzia hapo na kutambaa uvunguni mpaka nyuma kabisa, mita tatu na ushei. Mwezi wa nne sasa inanguruma. Nimeshaiziba mara mbili mwenyewe: kwanza kwa bandeji ya joto na ule udongo wa kubandikia ekzosi, halafu kwa kipande cha bati na klampu mbili. Kila mara nilipata wiki mbili za utulivu. Kisha tundu jipya, sentimita chache tu mbele ya kiraka. Nimechoka kufukuzana na matundu, kwa hiyo safari hii naandika kila ninachofanya, hata yale ya kuniaibisha.

Kelele zenyewe ni mbili, nami nilichelewa kuzitenganisha. Ya kwanza ni ngurumo nzito ya nyuma, inayopanda nikikanyaga mafuta. Ya pili ni tik-tik kavu ya mbele, inasikika asubuhi injini ikiwa baridi, ikishapata moto inafifia. Hii ya pili nilikuwa nikizisingizia tapeti, vile vipande vinavyosukuma valvu.

Nilirekodi kwa simu injini ikizunguka taratibu, mizunguko kama 800 kwa dakika, nikaketi kuhesabu. Tik 33 kwa sekunde tano. Kila silinda ya injini ya namna hii huwaka mara moja kwa kila mizunguko miwili, yaani mara 400 kwa dakika, karibu saba kwa sekunde. Kwa hiyo kelele ni ya silinda moja. Lakini tapeti nayo hugonga kwa mwendo huohuo, maana kamshafti, mhimili unaozisukuma tapeti, huzunguka nusu ya kasi ya injini, kwa hiyo hesabu peke yake haikumaliza ubishi. Kilichoumaliza ni kipande cha mpira wa maji cha mita moja: ncha moja sikioni, nyingine naipitisha kandokando ya manifoldi, yaani kile chuma kinachokusanya moshi wa silinda zote, mbali na feni na mikanda. Nilipofika silinda ya nne, ile iliyo nyuma kabisa, tik iligeuka kuwa pumzi. Pff, pff, pff. Chuma kinachogonga chuma hakipumui.

Jambo jingine la leo lilinikosesha raha. Nina kile kipimo kidogo cha kaboni monoksaidi cha kuweka ndani ya nyumba. Nilikiweka juu ya dashibodi, nikaendesha dakika kumi nikiwa nimefungua dirisha la nyuma kidogo. Kilisoma sehemu 28 kwa milioni. Mlango wa nyuma wa vani una mpira uliokauka, na gari likiwa mwendoni hewa ya nyuma huvutwa ndani. Gesi hii haina rangi wala harufu, na inaishika damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Kumbe yale maumivu ya kichwa niliyoyalaumu kukosa usingizi huenda yalikuwa na sababu nyingine. Vani haitoki tena mpaka kazi iishe.

Siku ya 2. Uvunguni

Kabari nyuma ya magurudumu ya mbele, jeki, stendi nne. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia chini yake. Miwani nayo, kwa sababu kutu ya ekzosi ina tabia ya kusubiri mpaka ufumbue macho.

Kutafuta matundu injini ikiwa imewashwa, wewe umelala chali chini yake, ni ujinga. Nilichukua mashine ya kufyonzea vumbi, nikahamishia mpira wake upande unaopuliza, nikauchomeka kwenye mdomo wa bomba na kuzungushia kitambaa. Halafu maji ya sabuni kwenye chupa ya kunyunyizia. Mpwa wangu, aliyekuja kusaidia kwa sababu shule zimefungwa, ndiye aliyepewa chupa. Baada ya dakika tatu akapiga kelele, "Mjomba, huku kunachemka!" Povu lilikuwa likiumuka kama uji mahali pa kwanza, kwenye mshono wa sailensa. Pili, pale bomba la kati lilipochomelewa na flenji, ile sahani ya kuungia bomba kwa bolti. Tatu, povu dogodogo kwenye kiungo cha mbele, chenye pete ya gasketi na bolti mbili za springi. Na kule juu, silinda ya nne, masizi meusi yamepaka manifoldi kama mtu aliyepitisha kidole chenye wino. Niliangaza tochi: stadi ya chini, yaani ile bolti isiyo na kichwa, imekatika. Nati yake haipo.

Hapo ningeweza kuandika orodha ya vipuri nikaenda kulala. Ila nilikuwa tayari chali, nikaanza kuangalia kitu ambacho sikuwahi kukiangalia mara zote mbili zilizopita: bomba limeshikwa na nini?

Pale kwenye giaboksi panatakiwa kuwa na mkono wa chuma unaobeba bomba la mbele. Mkono upo, bolti yake haipo, na tundu limesuguliwa mpaka chuma kinang'aa kama kijiko. Maana yake bomba limekuwa likicheza humo kwa muda mrefu sana. Nyuma zinatakiwa raba nne za kuning'inizia. Mbili nzima, moja imevutika na kupasuka nusu, na mahali pa ya nne pamefungwa waya. Waya ule niliufunga mimi, miaka mitatu iliyopita, "kwa muda". Nilisokota ncha zake vizuri kabisa, nikajisifu.

Nililifikiria jambo hili nikiwa hapohapo. Chuma cha kawaida hurefuka kama milimita 1.2 kwa kila mita kikiongezeka joto nyuzi 100. Bomba la mita tatu likipanda wastani wa nyuzi 300 linarefuka karibu milimita 11. Raba huinama na kuliacha liende. Waya hauinami. Bomba likitaka kwenda nyuma na waya ukalikatalia, linasukuma mbele, na mbele hakuna mkono wa kulipokea isipokuwa manifoldi. Uzito wote wa mbele ulikuwa umening'inia kwenye stadi za silinda ya nne, zikitikiswa mara ishirini na kitu kwa sekunde.

Sikutaka kuiamini nadharia yangu bila kuijaribu. Tulirudisha gari chini likasimama kwa magurudumu yake. Nikasukuma jeki ndogo ya chupa chini ya bomba la mbele na kipande cha mbao juu yake, nikapandisha sentimita mbili hivi, nikatoka. Mpwa akawasha, injini baridi. Tik haikusikika. Nikazima, nikashusha jeki, tukawasha tena: tik-tik-tik.

"Mjomba, kwa hiyo tuiache tu hiyo jeki hapo," akasema.

Siku ya 3

Mafuta ya kupenya asubuhi, mchana na usiku, kwenye kila hesi (ile mikato ya kuzungushia nati) inayoonekana, baada ya kuisugua kwa brashi ya waya ili mafuta yapate pa kuingilia. Hakuna kingine. Siku hii wengi huiruka, nami niliiruka mara zote mbili za nyuma.

Siku ya 4. Kufungua

Nati za nyuma sikuzibembeleza, nilizikata kwa grinda, maana zile nilikuwa nazitupa hata hivyo. Bolti za springi za kiungo cha mbele zilikubali. Sensa ya oksijeni niliifungua injini ikiwa na vuguvugu, spana ya milimita 22, ikatoka ikilia lakini ikatoka. Ncha yake ilikuwa nyeusi kwa masizi makavu, na plagi zilikuwa hivyohivyo.

Nilidhani tundu la moshi linatoa tu. Kumbe lililo mbele ya sensa linavuta pia. Moshi hautoki kama maji ya bomba. Unakuja kwa mapigo, na katikati ya mapigo mawili presha hushuka chini ya hewa ya nje. Hewa inaingia, sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inadhani petroli imepungua, inaongeza. Kwa hiyo gari lilikuwa linakula mafuta kwa sababu ya nati moja. Wakati huo mimi nilikuwa nabadilisha chujio la hewa.

Katalisti, ile sehemu ya kusafisha moshi, ilipona. Nilimulika tochi upande mmoja, mpwa akachungulia upande wa pili: vijitundu vyote vinapitisha mwanga kama sega la nyuki lisilo na asali. Niliitikisa sikioni, hakuna kinachocheza ndani. Huo ndio ulikuwa wasiwasi wangu mkubwa, kwa sababu petroli iliyozidi ikienda kuwakia humo ndani huliyeyusha lile sega.

Sailensa ndiyo iliyokufa. Nilipoiinamisha ilimwaga maji ya rangi ya chai, halafu magamba ya kutu, kikombe kizima na zaidi. Kuta za ndani zilikuwa zimeachia, ndiyo maana ilikuwa ikikoroma hata baada ya kuzibwa nje. Maji hayo hayakuingia kwa mvua. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji, kama mvuke. Safari ikiwa ndefu bomba linapata moto na mvuke wote unatoka. Safari zangu ni za dakika kumi na tano, sailensa haijapata moto vizuri nimeshazima, mvuke unakuwa maji na unalala humo pamoja na asidi kidogo. Kwa hiyo iliozea ndani. Viraka vyangu vilikuwa nje.

Siku ya 5. Stadi

Siku nzima kwa vitu viwili vyenye unene wa kidole.

Stadi iliyokatika ilikuwa imebakiza milimita nne nje. Nyingi za kuona, chache za kushika. Koleo la kubana liliteleza na kuimenya. Nikamwita jirani, fundi wa kuchomelea, mzee asiye na haraka. Kabla hajagusa kitu aliniuliza kama nimefungua betri. Nilikuwa nimefungua. Akaibana waya ya ardhi kwenye kichwa cha injini chenyewe, karibu kabisa na kazi, ili umeme usitafute njia kupitia beringi au nyaya za gari. Akaweka nati juu ya kile kisiki, akachomelea ndani ya tundu la nati mpaka likajaa.

Nikashika spana. "Tulia kwanza, kijana wangu," akanizuia. Tukangoja wekundu ufifie. Akazungusha kidogo sana, akarudisha, mafuta, akazungusha. Nati ikachomoka peke yake, kisiki kikabaki. Nati ya pili, vilevile, ila safari hii aliacha moto ukae zaidi. Robo mzunguko mbele, robo nyuma. Nilisikia ule mlio kama wa mlango wa zamani, na stadi ikaanza kutoka, nyekundu kwa kutu, hesi zake nzima. Moto wa kuchomelea ulifanya kazi mbili: uliunganisha nati, na uliipasua kutu iliyokuwa imeikamata.

Mzee akaenda zake. Ningefunga kazi hapo ningekuwa mtu mwenye busara. Lakini stadi iliyo kando ya ile iliyotoka, ambayo haikuwa na tatizo, niliiona kama imechoka, nikaamua kuibadilisha pia. Bila moto, bila kungoja, bomba refu kwenye mpini wa spana. Tak. Ilikatika usawa wa uso wa kichwa cha injini, hakuna hata milimita ya kuchomelea. Sikuthubutu kumwita mzee tena.

Ilibidi kutoboa. Stadi ni M8, hesi ya 1.25, kwa hiyo drili ya mwisho ni ya 6.8. Nilipiga alama katikati kwa patasi ya ncha, nikaanza na drili ya milimita 3, na bado ikateleza pembeni kidogo, maana chuma cha stadi ni kigumu na kichwa cha injini ni alumini laini. Drili hukimbilia penye ulaini. Nilipomaliza, upande mmoja wa hesi za kichwa ulikuwa umeliwa. Nikapanua tundu, nikakata hesi kubwa zaidi, nikazungushia ndani ile springi ya chuma ya kurudishia hesi. Imeshika, na mafundi wengi wanasema hesi ya namna hiyo ndani ya alumini inapita ya kiwandani. Huenda. Saa tatu zilipotea.

Jioni nililaza rula ya chuma kwenye uso wa manifoldi. Chini ya rula, upande wa silinda ya nne, kile kipande cha geji ya kupimia nafasi, cha milimita 0.2, kilipita. Kubeba mzigo kulikuwa kumeupinda. Mashine ya kusawazisha sina. Nilichukua kioo kinene kilicho bapa, nikabandika msasa namba 80 juu yake, nikauchora uso wa manifoldi mistari ya kalamu nene, nikaanza kuisugua kwa kuchora umbo la nane juu ya kioo. Mistari ikifutika ni pale panapogusa. Mwanzo ilifutika kwenye silinda ya pili na ya tatu tu, ya nne wino wake ukawa unanitazama. Baada ya saa moja na nusu na msasa namba 120, wino ulitoka kote kwa pamoja. Mabega yangu hayajapona.

Siku ya 6. Kufunga

Gasketi mpya ya manifoldi imewekwa kavu. Watu hupenda kupaka silikoni. Kwenye maji ya injini sawa, hapa inaungua na kuacha pengo. Nati ni za shaba, hazishikani na stadi za chuma. Nilikaza kuanzia katikati kwenda pembeni kwa raundi tatu, ya mwisho kwa kiwango cha kitabu cha gari kwa spana ya kupimia. Hesi za sensa zilipata grisi ya shaba, ncha yake haikuguswa.

Sasa mshikio. Mkono wa giaboksi ulipata bolti mpya na washa pana mbili za kufunika lile tundu lililoliwa. Raba zote nne mpya, hata mahali pa zile mbili nzima, kwa sababu ni umri mmoja. Waya nimeukata.

Bomba zima nililining'iniza kwanza bila kukaza kitu chochote. Nilikosea hapa safari zilizopita: nilikuwa nakaza kiungo kimoja mpaka mwisho ndipo naenda kwa kingine, na bomba linaishia kuvutwa kwa nguvu lifike mahali pake. Likishafungwa hivyo, limekwisha kuwa na ugomvi na gari kabla ya kilomita ya kwanza. Nililitikisa likatafuta makao yake, nikaangalia nafasi ya vidole viwili kila linapopita karibu na mpira wa breki, bomba la petroli na sakafu, ndipo nikakaza kutoka mbele kwenda nyuma. Pale sailensa inapoingia nimetumia klampu ya mkanda, si ile ya umbo la U. Ya U inalibana bomba na kulikunja, na siku ya kulifungua utaiita grinda. Flenji ya bomba la kati ilichomelewa na mzee, gari likiwa nje. Alizitazama stadi za manifoldi, akaona moja ina hesi mpya inayong'aa. Hakuuliza.

Siku ya 7. Kuwasha

Dakika kumi za kwanza ilitoa moshi kila mahali: mafuta ya kupenya, rangi ya sailensa, alama za vidole vyangu. Nilijua utakuja, bado moyo ulidunda. Kisha ukaisha. Hakuna tik. Nyuma pamebaki mvumo tu. Mpwa aliziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene, sekunde tatu, injini ikaanza kulemewa, na hakuna mahali palipopiga mluzi.

Barabarani ikatokea kengele. Kwenye mizunguko 2,000 hivi, tringiiii, ukipita hapo inanyamaza. Nusu saa ya kupigapiga kila kitu kwa ngumi ikaonyesha ni lile bati la kukinga joto juu ya katalisti, limeoza kuzunguka bolti. Washa kubwa, dakika tano.

Kipimo cha kaboni monoksaidi, njia ileile, dirisha lilelile: 0.

Baada ya kilomita 500

Nilikaza upya nati za manifoldi injini ikiwa baridi. Mbili zilikubali kama robo ya robo mzunguko, nyingine hazikusogea. Ile yenye springi ya hesi ni kati ya zisizosogea. Hakuna masizi kwenye silinda ya nne. Plagi zimeanza kugeuka rangi ya kahawia hafifu, na tangi linanifikisha mbali zaidi kuliko mwezi uliopita, ingawa sijapima kwa makini.

Asubuhi moja, injini imewashwa punde tu, mpwa alikuja mbio jikoni. "Mjomba, inavuja tena! Chini ya sailensa, maji yanadondoka!"

Tukaenda kuchungulia. Chini kabisa ya sailensa, upande wa nyuma, kuna kijitundu cha milimita tatu hivi, cha duara safi, kimetobolewa kiwandani. Tone lilijikusanya pale, likaanguka, likafuata jingine. Alikuwa tayari ameshika kopo la ule udongo wa kubandikia.

Nikamwambia aurudishe kabatini.